Mabua ya Dungu la Bi Shukri

Ngazi ya dungu ilikuwa na vipago saba, na Bi Shukri alivihesabu kila asubuhi kwa magoti. Vitatu vya kwanza alivipanda kwa nguvu zake mwenyewe. Vinne vilivyobaki alivipanda kwa kumtaja Mungu. Akifika juu ya ulingo hukaa kwanza, hushusha pumzi, huiacha miguu ining'inie, ndipo hutazama shamba na kutafuta tumbili.

Asubuhi hiyo mvua ya masika ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Mahindi yalikuwa yamefika kifua cha mtu, kijani kizito cha kumfanya mpita njia aseme mashallah. Lakini Bi Shukri hakuyatazama kama mpita njia. Aliyatazama majani ya chini kabisa, yale yanayogusana na udongo, akayaona: mabaka membamba, marefu, rangi ya jivu, yamejipanga baina ya mishipa ya jani kama ukili katika mkeka.

"Yamekuya," alisema peke yake.

Hakupiga ukelele, wala hakushuka mbio. Alikuwa amechoka hata kushtuka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Ana miaka sitini na miwili, na yote ameishi Mbwajumali. Shamba ni la mama yake, mwendo wa nusu saa kutoka nyumba ya mwisho ya kijiji, kwa njia ya mchanga inayokata kati ya minazi. Mumewe, Alwi, alikuwa mvuvi wa kambamti. Kambamti walipakiwa barafu wakapelekwa mjini Amu, mahindi yakabaki nyumbani. "Mimi hulisha mahoteli," Alwi alizoea kuwaambia wenzake, "Shukri ndiye hulisha watu." Alwi alifariki miaka sita iliyopita. Wakabaki Bi Shukri na shamba, na binti yao mmoja, Rumaisa, aliyeolewa Shela, ambako husimamia mashuka na vyumba katika nyumba ya wageni.

Ugonjwa ulipokuja mara ya kwanza hakuna aliyeujua kwa jina. Watu waliuita jivu, kwa sababu shamba hufanana na mahali palipochomwa na moto usioonekana. Huanza chini, kwa jani la kwanza. Jani hilo likikauka hupanda la pili, halafu la tatu, taratibu, kama mtu apandaye ngazi bila haraka. Likifika majani ya juu, yale yanayolisha gunzi, mambo yamekwisha. Gunzi hubaki jepesi, punje zimeachana kama meno ya mzee. Mwaka wa kwanza Bi Shukri alivuna nusu ya alichozoea. Mwaka wa pili alivuna cha kuwapa kuku.

Baada ya mwaka huo wa pili, Rumaisa alikuja kwa Idi, akaufungua mtungi wa mahindi akaona kitako chake.

"Mama," alisema, "tusemezane kama watu wazima. Masika haya, haya tu. Shamba likikupa chakula cha mwaka, mimi ntanyamaza. Lisipokupa, utafunga nguo zako nije nikutwae."

"Na shamba?"

"Shamba litalala."

"Shamba la huku halilali, mwanangu. Ukiliwata misimu miwili, mwitu hulitwaa, na tumbili ndio hupewa hati."

"Basi wapewe. Wao wana magoti."

Bi Shukri alicheka, kisha akakubali. Kule Shela kulikuwa na maji ya mfereji na umeme, na mjukuu anayejifunza kutembea. Hakukosekana kitu ila kimoja: kule yeye angekuwa mtu wa kuketishwa.

Ndipo alipotuma ujumbe Amu, na katika mwezi wa Januari akaja afisa wa kilimo, msichana mwenye miwani na viatu vya mpira vilivyomzidi mguu. Jina lake Zakiya. Hakukaa kivulini kunywa madafu. Aliingia moja kwa moja shambani, ambako mabua ya mwaka uliopita yalikuwa yamelala chini kama yalivyoachwa, akaokota moja na kulikwangua kwa ukucha.

"Bi Shukri, unaona hivi vidoadoa vyeusi? Huyu ndiye adui yako. Ni ukungu. Mvua ikiisha na mahindi yakikauka, wewe wadhani na yeye amekufa. Hakufa. Amelala humu ndani ya bua kiangazi chote. Mvua ya kwanza ikinyesha huamka, hutoa unga laini kuliko vumbi, upepo ukauchukua na matone ya mvua yakaurusha. Mahindi mapya yakitoa majani, unga ushafika."

"Basi huwa namlaza mtoto kando ya maiti ya ndui."

"Ndiyo hivyo hasa."

"Na mama yangu aliyawata mabua shambani miaka arubaini. Mbona yeye hakupata?"

Zakiya alifikiri kidogo. "Mama yako alipanda mahindi mwaka mmoja, mwaka wa pili simsim au kunde. Au sivyo?"

Ilikuwa ndivyo. Bi Shukri ndiye aliyeacha kubadilisha, tangu Alwi alipofariki na simsim ikawa kazi ya mikono mingi wakati wa kuvuna. Mahindi juu ya mahindi, mwaka baada ya mwaka. Wala kuyaacha mabua chini hakukuwa uvivu. Mbuzi waliyala, na ardhi ya kichanga ilipata shuka la kujifunika jua. Hata wakulima wa ngano wa nchi za baridi, wenye matrekta makubwa kama nyumba, hushauriwa waache makapi juu ya udongo usichukuliwe na upepo, kisha hupata ugonjwa uliolala ndani ya makapi hayo hayo, wakakuna vichwa. Jambo jema nalo lina upande wake wa pili.

"Yazikwe yote," alisema Zakiya akifunga daftari. "Chini ya udongo ukungu huu hauwezi kuishi, wadudu wa ardhini huumaliza. Bua lisibaki juu hata moja. Na ungeacha mahindi mwaka huu ukapanda kitu kingine, ingekuwa bora zaidi."

"Mwaka huu siwezi," alisema Bi Shukri, akilifikiria neno alilopeana na binti yake. "Mwaka huu nahitaji mahindi."

Akazika. Kiangazi chote, jua la kaskazi likimchoma mgongoni, alichimba mitaro kwa jembe, akaburuta mabua, akayakanyaga na kuyafukia. Jirani yake, Bwana Amini, ambaye shamba lake ni la mihogo mitupu, alikuwa akipita na punda wake akisimama kumtazama.

"Wazika nani leo, Bi Shukri?"

"Leo nazika mabua. Kesho natimba shimo la jirani mwenye maneno mengi."

"Litimbe refu, mimi ni mtu mrefu."

"Ulimi ndio mrefu. Wewe utatosha kwa shimo la paka."

Bwana Amini alicheka, akamkurupusha punda wake, lakini siku ya pili alikuja na jembe lake, akachimba mitaro mitatu bila kusema neno. Ndivyo alivyo.

Ilipomalizika kazi, mwishoni mwa Machi, shamba lilikuwa safi kama ua lililofagiliwa kwa ajili ya harusi. Bi Shukri alilizunguka mara mbili. Hakuona bua hata moja juu ya ardhi. Kilichobaki ni jambo moja tu, na hilo hakulihesabu kuwa kazi: kulivika dungu.

Dungu, kwa asiyejua, ni ulingo wa boriti unaosimamishwa shambani ili mlinzi akae juu na kombeo lake, awaone tumbili kabla hawajaona mahindi. Katika mashamba ya upande huu, dungu huezekwa na kuzungushiwa mabua ya mavuno yaliyopita, na si bua lolote. Mwenye shamba huchagua marefu kuliko yote, na bendera za maua yake kileleni, akayafunga wima kuielekea njia. Anayepita husoma hapo urefu wa mahindi ya mtu bila kuuliza. Dungu lililovikwa mabua mafupi huchekwa, na dungu lililovikwa makuti huhesabiwa kuwa la mtu aliyekata tamaa. Kwa hiyo hata katika mwaka wa jivu, Bi Shukri alikuwa ameweka kando matita sita ya mabua marefu kabla hajaanza kuzika. Aliyafunga kwa kamba za makumbi, upande wa kusini, mashariki na magharibi, na juu akayatandika kuwa paa. Likapendeza. Kisha mvua ikaanza, akapanda.

Na sasa mabaka yale.

Siku tatu alifanya kama hakuyaona. Alipanda asubuhi, akashuka jioni, akawatupia mawe tumbili wawili, akaswali chini ya dungu, akala muhogo wa Bwana Amini. Siku ya nne, wakati wa alasiri, mvua ikakatika ghafla na jua likatoka likiwa limeinama. Shamba likang'aa. Bi Shukri, ambaye kwa siku hizo zote macho yake yalikuwa yakitafuta mipakani, akatazama chini ya miguu yake.

Jivu halikuenea ovyo. Lilikuwa na umbo. Mistari iliyokuwa karibu na dungu ilikuwa imekauka hadi majani ya tano. Ya mbele yake, majani matatu. Ya mbele zaidi, moja moja. Na mwisho kabisa, kule kaskazini, mahindi yalikuwa safi. Ilikuwa kama kwamba mtu amesimama pale alipokaa yeye, akajaza kinywa jivu la jikoni, akalipuliza kwa upande unakoelekea upepo wa kusi.

Aligeuka taratibu. Mgongo wake ulikuwa umeegemea mabua. Yalikuwa yameloa, yanadondosha matone, na juu ya mabaka yao ya mwaka jana palikuwa na utando mwepesi wa kijivu. Alipitisha kidole juu yake. Kidole kikarudi na vumbi.

Bua lisibaki juu hata moja, Zakiya alisema. Na Bi Shukri angeapa kwamba halikubaki. Lakini kwa mtu wa huku dungu si shamba. Dungu ni baraza. Mtu akisafisha shamba hahesabu baraza.

"Nimekaa na jivu lenyewe," alisema. "Nimelipandisha juu kabisa, palipo na upepo, nikalinda tumbili."

Hapo uchovu ukamjia na shauri lake, na lilikuwa shauri tamu. Ukamwambia: nyamaza. Hakuna aliyeona ila wewe. Liache lipulize. Baada ya wiki nne shamba lote litakuwa jivu, Rumaisa atakuja, utakunja nguo zako, watu watasema Mungu hakujaalia. Hakuna atakayekulaumu. Hutapanda vipago hivi tena, na mjukuu atakujua kwa sura.

Alikaa na shauri hilo muda wa kuchemka chai. Hakulifukuza. Aliyatazama mahindi safi ya kaskazini kama mtu anavyomtazama jamaa atakayemuaga.

Kisha tawi likatikisika upande ule, na tumbili mmoja dume akashuka, akaketi mpakani akijikuna. Kabla Bi Shukri hajafikiri, mkono ulikuwa umeshatia jiwe katika kombeo, na jiwe lilikuwa limeshakwenda. Tumbili akaruka akitukana kwa lugha yake.

Bi Shukri akabaki akiutazama mkono wake. Mtu aliyekwisha kuliacha shamba hamfukuzi tumbili.

Akatoa kisu, akaanza kukata kamba.

Bwana Amini alimkuta amesimama chini, mabua yamelundikana, dungu limebaki mifupa ya boriti.

"Bi Shukri! Una homa?"

"Sina. Nimemwona mwizi. Nilikuwa nimempangishia nyumba." Akamweleza, na kumwonyesha mistari.

Bwana Amini alitazama muda mrefu, mikono nyuma. "Haya, wasema kweli. Lakini ukilivua dungu sasa, mvua itakupiga, na jua litakupiga. Hutaweza kukaa juu. Na tumbili?"

"Ntatembea mpakani."

"Kwa magoti hayo?"

"Nikupe wewe haya, unipe yako?"

"Yangu yameazimwa tayari." Akakuna kidevu. "Nina makuti ishirini ya kuezekea choo. Nikuletee?"

Bwana Amini alijua anachomtolea. Dungu la makuti, kila apitaye njiani angelisoma.

"Lete. Waseme watakavyo. Lakini leo kwanza tuyatoe haya, tena tuyafunike, yasipeperuke ndiani."

Mabua mabichi kwa mvua hayashiki moto. Waliyafunga kwa magunia, wakampakia punda, wakayapeleka nyuma ya minazi penye tanuu la zamani la kuchomea chokaa, shimo ambalo halitumiki tena. Wakayatupa humo na kuyafukia mpaka giza la magharibi likawakimbiza. Siku iliyofuata Bi Shukri alirudi akayakata majani yote yenye baka katika mistari kumi ya karibu, jani moja moja, akiinama na kuinuka, akayafukia nayo. Kisha alimpigia simu Zakiya akamweleza.

"Bi Shukri, nilisimama chini ya dungu hilo. Nilipumzika hapo kabla ya kuondoka. Sikuuliza huwa unaliezeka kwa kitu gani."

"Usijilaumu. Hata mimi niliyeliezeka sikuuliza."

"Litapungua, lakini halitaondoka. Lililoingia limeingia. Na masika yajayo, tafadhali, mahindi usiyapande hapo."

Yaliyofuata hayana masimulizi marefu. Ni kuamka, kutembea nusu saa, kupanda vipago saba, kushuka kuwafukuza tumbili, kupanda tena. Makuti ishirini hayakutosha paa lote, na mvua ilimpata bega la kushoto siku zote. Watu waliopita walilitazama dungu, wakamtazama yeye, wakatoa salamu ndefu kuliko kawaida, kama wanavyotoa kwa mfiwa. Mistari ya karibu ilikufa. Ya katikati iliugua lakini ikasimama. Ya kaskazini, jivu lilifika majani mawili ya chini, mvua ikapungua katika mwezi wa Juni, na hapo likakwama. Majani ya juu yakabaki kijani. Tumbili nao walikula fungu lao, kwa maana mtu mmoja hawezi kuwa kwenye kona nne.

Rumaisa alifika mwanzo wa Agosti, siku ya pili ya kuvuna. Alikuwa amekuja na begi kubwa tupu. Bi Shukri aliliona begi lile. Alimwonyesha magunzi yaliyorundikwa juu ya mkeka.

Rumaisa aliyapimapima kwa macho. Amekua katika shamba lile, anajua kukisia. "Haya si ya mwaka, mama."

"Si ya mwaka."

"Ni ya miezi sita. Saba, ukila kama kuku."

"Sita. Mimi sili kama kuku."

Bwana Amini, aliyekuwa akimenya, akajitia kutafuta kitu ndani ya kapu la punda.

"Tulisema mwaka," alisema Rumaisa, kwa upole. "Tazama miguu yako ilivyofura. Tazama bega. Unataka nikae Shela nipige simu kila asubuhi kuuliza kama umeanguka?"

Bi Shukri alikuwa na majibu mengi, aliyatayarisha wiki nzima akiwa juu ya ulingo. Alitaka kumweleza habari ya unga wa kijivu, na umbo alilouona, na jinsi ambavyo angaliweza kunyamaza na hakunyamaza. Lakini alipofungua kinywa yote yalikuwa mazito kuyainua.

"Wasema kweli," alisema. "Mimi nimeshindwa."

Rumaisa hakuutarajia ushindi huo. Akaonekana kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

"Lakini shamba halijashindwa," aliendelea Bi Shukri. "Limenipa nusu. Basi nami ntatoa nusu. Msimu uyao ntapanda simsim, kama alivyofanya bibi yako. Ukungu huu hauli simsim, wala tumbili hawali simsim. Haitaki mlinzi. Ntaipanda, nitie jembe mara mbili, kisha nije kwako Shela mpaka itakapokauka. Nusu mwaka ntala changu, nusu mwaka ntala chako. Mwaka wa pili, tutaona kama nina magoti ya mahindi."

"Na simsim ataivuna nani? Wewe mwenyewe ulisema ni kazi ya mikono mingi."

"Wewe utachukua likizo."

"Mama!"

"Na Bwana Amini atakuya."

"Mimi?" Bwana Amini aliinua kichwa. "Mimi nimeuliziwa lini?"

"Sasa."

Rumaisa alicheka kwa kukosa la kufanya, akalisukuma begi tupu kando kwa mguu. Hakusema ndiyo. Aliuliza tu nini kilichobaki kufanywa, na Bi Shukri akamwonyesha mabua, yote, yaliyosimama na yaliyolala, marefu kwa mafupi, na njia ya kwenda kwenye tanuu la chokaa.

"Yote?"

"Yote. Hata yale mazuri."

Rumaisa akavua buibui lake, akalitundika kwenye boriti ya dungu, akajifunga leso kiunoni na kuinua tita la kwanza kichwani. Bi Shukri alitaka kuinuka amsaidie kulisawazisha. Magoti yakakataa. Akabaki amekaa juu ya mkeka kando ya mahindi yake, akawaacha wabebe.